Nani analala na nani: kutatua matatizo ya sungura waliochanganywa banda moja

Mwezi wa sita ukishaingia, simu yangu haipumziki. Baridi ya Uyole, hapa Mbeya, ikianza, ile ya asubuhi ya kushika bomba la maji ukarudisha mkono mbio, watu huwaonea huruma sungura wao. Wanawatoa kila mmoja kwenye kizimba chake na kuwajaza wote kwenye boksi moja jikoni, wapashane joto. Siku kumi zikipita ndipo huanza: "Shikamoo kaka. Sungura wangu mmoja sikio limechanika." Mama mmoja wa Mwanjelwa, mteja wangu wa muda mrefu, alinipigia alfajiri hata salamu hakukumbuka: "Mwanangu, hawa ulioniuzia ni sungura au ni paka shume?"

Simcheki mtu, maana na mimi nilianzia hapo hapo. Msimu wangu wa kwanza wa kufuga nilikuwa na madume wawili wa tumbo moja, wa miezi mitano, walioishi pamoja tangu wananyonya bila hata kukwaruzana. Baridi ilipokaza nikawaongezea majike wawili ndani ya boksi lile lile. Usiku wa pili nikasikia ukelele kama wa mtoto mchanga. Sungura ni mnyama wa kimya. Akipiga kelele ujue ni hofu ya kufa au maumivu makali. Nilipowasha tochi ya simu nilikuta dume mmoja kajibanza kona, damu mapajani, korodani moja imeng'olewa kana kwamba mtu kapitisha wembe. Ndugu yake alikuwa pembeni anatafuna nyasi.

Tangu usiku ule, mtu akinieleza tatizo lolote la sungura, siulizi kwanza anawalisha nini. Nauliza nani analala na nani.

Tulimalize kwanza hili la baridi, kwa sababu huku kwetu ndilo mama wa mengine. Sungura wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, wala si ndugu wa karibu wa yule wa porini anayekatiza mbele ya taa za gari njia ya Igawa. Hustarehe kwenye nyuzi joto kati ya 15 na 20 hivi. Usiku wa mwezi wa saba Mbeya hushuka chini ya 10, Njombe na Makete ndiyo usiseme, lakini sungura mzima mwenye manyoya makavu anaumudu. Joto la kupita 30 ndilo linalomuua kirahisi, na hilo ni shida ya wenzetu wa Kyela. Kinachomtesa sungura wa nyanda za juu ni upepo unaopanda kupitia waya wa chini na matandiko yaliyolowa mkojo. Ziba upepo, mkaushe chini, na hatahitaji mwenzake wa kumpasha joto.

Manyoya yametapakaa bandani

Wengi wakiona manyoya huwaza ugomvi, wengine huwaza upele. Usiwaze. Okota.

Yakiwa mafungu mafungu, mengine yana kipande cha ngozi kwenye shina, mtafute mwenye upara kiunoni, mgongoni au nyuma ya shingo. Huyo kang'atwa. Anayekimbizwa hung'atwa nyuma, ndiyo maana mkali mara nyingi utamkuta mzima kabisa usoni na mgongoni, kanawiri, na wewe unaanza kumpenda kwa uzuri wake.

Yakiwa laini kama pamba, na jike mmoja kifua na tumbo vimebaki ngozi tupu, huyo anajitandikia kiota. Kama ulimpandisha na siku 28 zimepita, mpe sanduku la kuzalia leo hii, si kesho. Kama hujampandisha na hakuna dume karibu, hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kumbe jibu ni fupi: mimba ya uongo. Jike wa sungura hana siku zake kama ng'ombe au mbuzi. Yai lake hushuka baada ya kupandwa, saa 10 hivi baadaye, na mwili wake hauulizi aliyempanda ni nani. Majike wawili wakikaa pamoja hupandana wao kwa wao ili kuoneshana nani mkubwa, na hilo linatosha. Baada ya siku 16 hadi 18 anaanza kunyofoa manyoya, anazunguka na nyasi mdomoni, anamfukuza mwenzake kila kona. Mwenye mali anafurahi, anahesabu mpaka siku ya 31, hakuna kitu. Anaanza kulilaumu dume la jirani.

Dawa yake ni kuwatenganisha tu. Jike unayetaka kumzalisha akae peke yake siku zisizopungua 18 kabla ya kumpeleka kwa dume. Nimesema kumpeleka kwa dume, maana wapo wanaofanya kinyume. Ukimwingiza dume kwenye kizimba cha jike umeingiza mgeni chumbani kwa mwenye nyumba, atapigwa. Jike aende kwa dume, apandwe mbele ya macho yako, arudi kwake.

Manyoya yakitoka pamoja na unga kama mba, hasa shingoni, au ukiona kigaga puani na kwenye vidole, hao ni wadudu wa ngozi.

Vidonda na masikio yaliyochanika

Angalia kidonda kiko wapi, utamjua aliyekitia. Kidonda cha korodani ni cha dume kwa dume, karibu kila mara. Madume wa tumbo moja huishi kwa amani mpaka miezi mitatu, wengine huvuka hata minne, halafu siku moja asubuhi undugu unakwisha. Usingoje ishara. Wakitimiza miezi mitatu kila dume apate kizimba chake.

Kidonda kibichi kisafishe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, punguza manyoya kukizunguka kisigande, kisha kikague kila siku kwa wiki mbili. Jino la sungura huacha tundu dogo kwa nje na uchafu ndani, na baada ya siku kadhaa linavimba jipu. Usaha wake ni mzito kama dawa ya meno, haukamuliki kama wa ng'ombe. Ukibana unausukuma ndani. Hilo ni la daktari wa mifugo.

Na tafadhali, ile amoksilini ya maji iliyobaki alipougua mtoto, iache kabatini. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura huua vijidudu vinavyomsaidia kusaga chakula tumboni, na baada ya siku chache anaharisha na kufa. Nimeona mtu kamponya sungura kidonda, kamzika kwa dawa.

"Lakini hawa wangu wote ni majike"

Hapa nina mashaka na neno lako, si kwa ubaya. Hata mimi niliwahi kuuziwa sokoni "majike watupu, chagua unayemtaka", na miezi minne baadaye mmoja akawa baba. Muuzaji hakunidanganya, naamini alikuwa hajui. Chini ya wiki 8 hata mzoefu hukosea.

Kaa kwenye kigoda mahali penye mwanga. Mlaze sungura chali mapajani, kichwa kikielekea kwapani kwako, mgongo wake wote umeegemea mapaja yako asining'inie. Akitulia, weka kidole gumba upande mmoja wa tundu la uzazi na cha shahada upande wa pili, bonyeza polepole mpaka kinyama chekundu kijitokeze. Dume hutoa kijibomba chenye tundu la mviringo nchani. Jike ni ufa, umerefuka kuelekea mkiani. Ukiona mmoja tu hutajua unaangalia nini. Wakague wanne au watano mfululizo, tofauti itakurukia yenyewe. Kutegemea korodani peke yake kutakuponza, kwa kuwa sungura anaweza kuzivuta ndani, na asubuhi ya baridi au akiogopa ndivyo anavyofanya.

Rudia ukaguzi huo wakifika wiki 10, kisha wiki 12. Ukikuta dume katikati ya majike wa miezi minne, wahesabu wote kuwa wana mimba mpaka siku 32 zipite.

Vitoto vinakufa kila jike akizaa

Hili ndilo linalouma zaidi, na ndilo lenye sababu nyingi, kwa hiyo tulia nalo.

Uliza kwanza dume alikuwa wapi siku ya kuzaa. Jike anaweza kupandwa na kushika mimba siku ile ile aliyozaa. Dume akiwa ndani atamkimbiza wakati vitoto bado vibichi, vitakanyagwa. Na siku ya 31 atazaa tena akiwa ananyonyesha wale wa kwanza, amekonda, maziwa hayatoshi. Ukiona jike anazaa kila mwezi halafu vitoto vinapungua kila uzao, hujapata ugonjwa, umepata dume asiyeondolewa.

Halafu uliza jike wa pili alikuwa wapi. Majike wawili kwenye banda moja hugombea kiota kimoja. Mwenye nguvu hufukua vya mwenzake na kuvitupa nje, wakati mwingine huviua. Watu husema "mama kala wanawe". Mara nyingi mama huyo hakuwa yeye, ni mpangaji mwenzake.

Kama jike alikuwa peke yake, angalia sanduku. Je, lilikuwepo? Vitoto vilivyozaliwa juu ya waya hufa kwa ubaridi kabla hujaamka. Sanduku la mbao la futi moja kwa futi moja na nusu linatosha jike wa wastani. Tupia maranda makavu chini, nyasi kavu juu, na ukingo wa mbele uwe wa kimo cha kiganja ili vitoto visitambae nje. Maranda huku si shida, viwanda vya mbao vya Mafinga vinayatupa kwa magunia. Chukua yaliyokauka, yasiyo na harufu ya rangi wala dawa ya mbao.

Hapa, na hapa peke yake, ndipo msemo wa kupashana joto unapokuwa kweli. Kitoto cha sungura huzaliwa uchi na hakiwezi kujitengenezea joto la kutosha. Kinaishi kwa kubanana na ndugu zake chini ya manyoya ya mama. Uzao wa vitoto wawili tu mwezi wa saba uko hatarini kuliko uzao wa vitoto saba. Kama una majike wawili waliozaa ndani ya siku moja au mbili, hamisha vitoto vilivyo vichache uvichanganye na vya mwenzake. Havitamkasirisha, ukivisugua kwanza kwa matandiko ya kiota vinakohamia. Watoto changanya, mama zao usichanganye.

Ukikuta kitoto kimetoka nje, kimekuwa baridi na kigumu kidogo, usikitupe upesi. Kiweke kifuani ndani ya sweta dakika 20. Vingi nimeviona vikianza kujinyonganyonga.

Kuna na hili: jike mwema huingia kunyonyesha mara moja kwa siku, dakika tatu hadi tano, mara nyingi usiku au alfajiri. Mtu anachungulia mchana kutwa, hamuoni mama kiotani, anaamua kuwa kakataa watoto, anaanza kuvinywesha maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Usimhukumu mama. Geuza kitoto kimoja asubuhi uone tumbo: likiwa la duara, limekaza, weupe wa maziwa unaonekana kupitia ngozi, mama ametimiza kazi yake. Likiwa limesinyaa na ngozi ina mikunjo siku mbili mfululizo, hapo una tatizo.

Mmoja anakonda, wenzake wananenepa

Saa 12 jioni chukua kigoda, kaa mita tatu kutoka bandani, usiguse kitu. Sungura huamka kula jua likizama. Ndani ya nusu saa utamwona bwana mkubwa amelaza kifua juu ya bakuli la pumba, na yule mkondefu akisogea anaoneshwa meno. Kuongeza bakuli la pili upande wa mbali husaidia wiki moja. Kumtenga husaidia moja kwa moja.

Akishatengwa na bado hanenepi, mfunue midomo. Meno ya sungura hayaachi kukua, na yakipishana hawezi kukata jani. Lakini ona jinsi isingewezekana kulijua hilo akiwa kundini: hujui kinyesi ni cha nani, hujui nani kala, nani hajagusa. Sungura asiyekula kwa siku nzima, kinyesi kikawa kidogo na kikavu au kikakatika kabisa, yuko hatarini, tumbo limesimama, na kila saa ina maana. Kwenye boksi la watano utamgundua siku ya tatu, amelala upande.

Kuharisha, mafua, vigaga masikioni

Haya hayaletwi na kuchanganya, yanasambazwa na kuchanganya. Nitapita haraka.

Vitoto vya wiki 4 hadi 8 vinaharisha, matumbo yamejaa, manyoya yamesimama: shuku vimelea vya koksidia, vinavyopita kwenye kinyesi. Sakafu ya waya, nafasi, na dawa utakayoelekezwa na bwana mifugo. Chafya na usaha mweupe puani, mikono ya mbele imegandamana kwa sababu anajipangusia: mtenge siku hiyo hiyo, na unuse banda ukiwa umechuchumaa kwenye kimo chake. Macho yakikuwasha wewe, yeye anaishi humo. Vigaga vya kahawia ndani ya sikio, anatikisa kichwa: wadudu wa masikio. Usivibandue, chini yake ni nyama mbichi. Lainisha kwa mafuta ya kupikia, na sindano ya ivermektini ipigwe na anayejua kipimo, kwa wote waliokaa naye na si kwa anayejikuna tu. Sungura mgeni, hata akitoka kwa shemeji yako, akae mbali na wengine wiki tatu.

Wakianguka wote usiku mmoja, usianze na ugonjwa. Tafuta walichokula. Rungwe, Njombe na Mufindi parachichi zimejaa kila kiunga, na mtoto akitumwa majani ya sungura huvunja tawi lililo karibu. Majani ya parachichi yana sumu inayoshambulia moyo. Sungura huhema kwa shida na kufa. Majani ya viazi mviringo nayo hapana. Ya viazi vitamu sawa, na mchunga ndiyo sikukuu yao.

Sungura na simbilisi

Iringa na Njombe simbilisi, yule mnyama mdogo asiye na mkia, anazunguka jikoni tangu zama za bibi, na akija sungura wanatupiwa sakafu moja. Wanaonekana marafiki. Lakini sungura anaweza kubeba vijidudu vya mapafu bila kuumwa, simbilisi akivipata anakufa kwa nimonia. Teke moja la sungura linaweza kumvunja mbavu. Na simbilisi lazima apate vitamini C kwenye majani mabichi kila siku, sungura hujitengenezea mwenyewe, hivyo ukiwalisha kwa kipimo cha sungura simbilisi anadhoofika polepole. Kila mmoja na kwake.

Nani basi anaweza kukaa na nani

Vitoto walioachishwa, mpaka miezi mitatu, ndani ya kizimba kipana. Majike wa tumbo moja ambao hawajawahi kutengana, kama hutaki kuzalisha na una nafasi ya kila mmoja kujificha. Hata hao wachunguze wakifika miezi mitano. Dume aliyehasiwa na jike mmoja, baada ya kumweka dume pembeni wiki sita hivi tangu ahasiwe, maana huwa bado ana akiba ya mbegu. Zaidi ya hapo mimi sithubutu. Najua yupo atakayeniambia sungura huko Hispania wanaishi makundi kwa makundi. Ni kweli, lakini huko ana shimo la kukimbilia. Kwenye boksi la futi tatu anakimbilia wapi?

Upweke nao upo, sikatai. Ndiyo sababu vizimba vyangu vimepangwa mstari mmoja, waya kwa waya, wanaonana na kunusana bila kufikiana meno. Waya wa katikati uwe mara mbili wenye nafasi ya vidole vinne, hasa kati ya dume na dume.

Kuhusu baridi, nimepigilia mabanzi upande unaotoka upepo na nyuma, mbele nimeacha wazi. Jioni nashusha sandarusi mpaka robo tatu, juu pabaki pa kupumulia. Kila mmoja ana kona ya mbao ya kulalia isiyo waya, na nyasi kavu za kuzamisha miguu. Jua likitoka sandarusi inapanda.

Yule dume wa usiku ule alipona. Korodani iliyobaki ilitosha. Karibu nusu ya majike nilionao ni damu yake. Mwaka ule ule nilimhamishia kizimba cha mwisho karibu na mlango, na yule ndugu yake nikamweka mwisho wa pili.